Tununue Kidogo, Tununue Kilicho Imara

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanya kazi wa migodi na jamaa zao, Lubumbashi)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo machoni pa wengi ni dogo. Juu ya siasa wasemaji hawakosekani, na juu ya udogo wa mishahara sote twasema kila siku. Lakini juu ya mshahara ule ule ukishafika nyumbani, njia unayoshika na mlango unaotokea, wasemao ni wachache. Leo tutasema juu ya hilo: namna ya kununua kidogo, namna ya kukataa vitu vibovu, na kwa nini jambo hili lahusu uhuru wetu.

Sisi tulio makarani katika migodi, kazi yetu ni karatasi. Majina ya watu na hesabu za siku zao za kazi hupita mikononi mwetu kila mwezi. Siku ya malipo mtu acheka; siku ya kumi aja dirishani kuomba mshahara wa mbele; siku ya ishirini amekwisha kwenda kwa mkopeshaji anayetaka arudishiwe fedha yake na nusu juu yake. Hatutaji jina la mtu, maana siri ya mfuko wa mtu si mali yetu. Lakini tunapoketi na wenzetu na kuhesabu pamoja nao, mara nyingi twaona kwamba fedha haikuliwa na unga na makala peke yake. Imeliwa na vitu vilivyonunuliwa mara mbili na mara tatu kwa sababu vilikufa upesi: pasi iliyoungua mwezi wa kwanza, viatu vilivyofumuka mvua ya kwanza, taa isiyomaliza msimu, simu isiyoshika moto wa umeme hata nusu ya siku.

Kabla hatujaendelea, tuondoe neno moja njiani. Asiondoke mtu hapa akisema tumewalaumu maskini kwa umaskini wao. Zamani za Wabelgiji kampuni zilifungua nyumba za mafundisho kwa wake wa wafanya kazi, wakafundishwa kushona, kupika na kupanga matumizi ya nyumba. Mafundisho yenyewe yalikuwa mema, na mama wengi waliyapenda. Lakini bwana mkubwa aliyafurahia kwa sababu yake mwenyewe: mke ajuaye kubana matumizi humfanya mume avumilie mshahara mdogo. Sisi hatusemi kwa shabaha hiyo. Mshahara usiotosha hautoshi, hata ukihesabiwa na malaika. Twasema kubana matumizi kwa shabaha iliyo kinyume: mtu asiye na deni ndiye awezaye kusimama na kudai haki yake.

Tukumbuke mwaka 1941. Vita vya Ulaya vilikuwa vimepandisha bei za vitu madukani, na mshahara wa Union Minière ulikuwa haununui tena kile ulichokuwa ukinunua. Wafanya kazi wakagoma. Tarehe 9 Desemba 1941, katika kiwanja cha mpira cha mji huu, ambao wakati ule uliitwa Élisabethville, askari waliwapiga risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wao, aliuawa siku ile pamoja na wengine wengi. Watu wale hawakufa kwa ajili ya bendera. Walikufa kwa ajili ya swali hili: mshahara wa mwezi unanunua nini? Basi swali hilo ni zito, tena ni la heshima. Tusione haya kulizungumza.

Ndugu, sasa tuje kwenye vitu vyenyewe, na tuanze na kitu kinachotuhusu sisi kuliko watu wengine wote duniani, yaani shaba.

Mji huu ulizaliwa na shaba. Tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ilitiririka katika tanuru la Lubumbashi, na dongo la taka zake lingali limesimama mpaka leo kando ya bomba kubwa la moshi, kila mgeni aliona. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ikawa ya pili ulimwenguni nyuma ya Chile. Haya, sasa ingieni dukani mtake waya wa umeme wa nyumba. Mara nyingi mtapewa waya mzuri wa kung'aa, rangi nyekundu, bei nafuu. Nao si shaba. Ndani yake ni alumini, na shaba imepakwa juu tu kama siagi juu ya mkate. Waya wa namna hiyo hupitisha umeme kwa kiasi cha sehemu 6 au zaidi kidogo katika 10 za ule wa shaba wenye unene ule ule. Kwa hiyo ukiupa kazi ya shaba hupata joto. Viungo vyake hulegea. Ngozi yake huyeyuka. Na usiku mmoja watu wamelala, dari lashika moto.

Waya huo ukiuzwa kwa jina lake, na kwa kazi inayoufaa, si kosa. Kosa ni kuuzwa kwa jina la shaba. Na aibu ni hii, kwamba wachimbaji wa shaba, wana wa wachimbaji wa shaba, wauziwe shaba ya uongo katika mji wa shaba, na wasiijue. Basi ijueni. Shikeni kisu, kwaruzeni ncha ya waya. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka moyoni; ya uongo hutoa weupe. Tena pimeni kwa mkono, maana shaba ni nzito kuliko alumini zaidi ya mara tatu. Kipande cha waya kikiwa chepesi kama jani, mrudishieni mwenye duka, mwambieni kwa adabu kwamba ninyi ni watu wa Katanga.

Cha pili ni dawa, na hapa hatusemi tena juu ya hasara ya fedha. Kutoka Desemba 2014 mpaka Agosti 2015, huko Ituri katika nchi yetu hii hii, watu zaidi ya 900 walipatwa na ugonjwa wa ajabu: shingo ilikakamaa, uso ulijipinda, macho yalipanda juu. Kwanza ilidhaniwa ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Baadaye ikajulikana kwamba wagonjwa walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepam, kumbe ndani mlikuwa na dawa nyingine kabisa, haloperidol. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, dawa 1 katika kila 10 ni mbovu au ya uongo. Kwa hiyo dawa ya kwenye sinia, iliyochomwa na jua kutwa nzima, msiinunue hata ikiwa bei yake ni nusu. Katika dawa hakuna cha nusu. Ni afadhali kumwomba mganga wa hospitali aandike dawa chache za lazima, mzinunue mahali panapojulikana, kuliko kujaza mfuko wa vidonge vya rangi.

Cha tatu ni nguo. Mama zetu hapa ndio walimu, nasi hatuwafundishi. Wao wajua kwamba kitenge kizuri ni akiba: hutunzwa sandukuni, huvaliwa arusini, hurithiwa na binti. Wajua kwamba kitenge cha wax cha kweli rangi yake ni ile ile pande zote mbili, na kwamba ukilowesha pembe ya nguo ukaisugua kwa kitambaa cheupe, ile mbovu hukiri mara moja. Twaomba tu mama mmoja atakayejua awafundishe wasichana watatu wasiojua. Elimu hii ilikuwa ikitoka kwa nyanya kwenda kwa mjukuu. Siku hizi mjukuu ananunua akitazama picha katika simu, na picha haisuguliwi.

Wazee wa pwani walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tazameni barabarani saa za jioni mtaona maana yake.

Sasa tufanye hesabu, maana karani asiyefanya hesabu amekula mshahara wa bure. Tuseme viatu vya mtoto vya bei ndogo ni franka 15,000, na vyadumu miezi minne. Kwa miaka miwili baba atanunua jozi 6, yaani franka 90,000. Tuseme viatu imara ni franka 40,000, na baada ya mwaka fundi atatia soli mpya kwa franka 5,000. Kwa miaka miwili ni franka 45,000. Mwenye kununua rahisi amelipa mara mbili, na mtoto wake amekwenda shule na vidole nje. Hata mkipunguza ukubwa wa mguu unaokua, mkasema viatu imara vitamfaa mdogo wake baadaye, hesabu haitageuka.

Lakini twasikia mtu akisema moyoni: hizo franka 40,000 kwa mara moja nitazitoa wapi? Swali ni la haki. Maskini hanunui kibovu kwa sababu ya upumbavu. Hununua kwa sababu mkononi mwake mna franka 15,000 tu na shule yafunguliwa kesho. Ndiyo maana jambo hili halimalizwi na mtu mmoja nyumbani mwake. Dawa yake twaijua sote, ni likelemba. Nyumba 10 zikitoa franka 4,000 kila mwezi, kila mwezi nyumba moja yapata franka 40,000. Kazi ya likelemba isiwe karamu. Iwe na neno moja lililokubaliwa tangu mwanzo: fedha hii ni ya kununua kitu kimoja imara ambacho mtu peke yake hakiwezi. Mwezi huu viatu, mwezi ujao mbabula nzuri, mwezi wa tatu waya wa kweli. Na mnunuzi asiende peke yake. Aende na mwenzake ajuaye kitu kile. Fundi wa umeme katika kundi lenu awachagulie wote waya. Mshonaji awachagulie wote nguo.

Ndugu zangu, kuna historia moja ambayo wengi hapa waliiishi, nasi twaitaja kwa heshima. Kwa miaka mingi kampuni ndiyo iliyogawa unga, nyumba, shule na hospitali. Mfanya kazi hakuuliza bei. Union Minière ikawa mali ya taifa tarehe 1 Januari 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, na desturi ikaendelea. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka, na baada ya miaka michache shaba yote ya mwaka haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikakatika kwa miezi na miezi. Kisha katika miaka 2003 na 2004 wafanya kazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kila mtu akapewa fedha yake ya mwisho kwa mara moja.

Fedha ile ilikuta madeni yakingoja mlangoni: ada za shule, hospitali, wakopeshaji. Iliyobaki ikakutana na wachuuzi. Watu ambao kwa miaka hawakuwa na kitu, nani atawashangaa kwa kutaka redio, godoro, friji, pikipiki? Wengine walinunua vizuri, shamba, matofali, cherehani, nao mpaka leo wanakula jasho lao. Wengine walinunua vitu vya kung'aa vilivyokufa kabla ya mwaka kwisha, wala hapakuwa na mshahara mwingine wa kununua vingine. Hatusemi haya tuwacheke baba zetu. Twasema kwa sababu waliokabidhiwa fedha zile walikuwa wamenyimwa kwa miaka mafunzo ya kushika fedha, maana kampuni iliwashikia. Nasi wa leo, tulio katika kampuni nyingine kwa mikataba mifupi, siku yetu ya mwisho haiko mbali kama tunavyofikiri.

Yuko atakayesema: akiba ya nini, nasi twajua fedha ya Kongo ilivyofanya? Huyu naye asikilizwe. Zaire ilipozaliwa mwaka 1967 moja ilinunua dola mbili za Marekani. Mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani zilifanywa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zilifanywa franka moja. Zidisheni wenyewe: franka moja ya mwaka 1998 ilimeza zaire za kwanza bilioni 300. Mzee aliyeficha noti chini ya godoro aliamka na karatasi za kuwashia moto. Kweli kabisa. Lakini mkumbuke pia yule aliyekuwa na jembe la chuma kizuri, cherehani nzima, au tofali elfu mbili zilizochomwa vema. Jembe lake halikushuka thamani mwaka 1993. Kwa hiyo kubana matumizi tunakokusema siyo kuficha noti. Ni kuigeuza fedha mapema iwe kitu kinachodumu na kinachofanya kazi, na kukataa kuigeuza iwe taka.

Tukisema hivi, wengine watadhani twataka watu wanunue vya kigeni vya bei kubwa. Hapana. Wazee wetu walikuwa wakiyeyusha shaba kabla ya kampuni yo yote kufika hapa, wakaimimina iwe misalaba iliyotumika kama fedha katika masoko ya mbali. Damu ya ufundi ingaliko. Mbabula ya bati jembamba huchakaa upesi na kutupa moto hewani. Fundi wetu huyo huyo, akiagizwa, aweza kutengeneza ya chuma kinene na kuitia udongo wa kuchoma ndani, kama mafundi wa Kenya walivyofanya tangu miaka ya 1980, ikapunguza makala kwa kiasi kikubwa. Makala yakipungua, mfuko wapona, na msitu unaozunguka mji huu, ambao kila mwaka wasogea mbali zaidi, wapumua kidogo. Tumwagize, tumlipe vema, naye atafanya vema. Fundi hufanya kazi mbovu tukimdai bei mbovu.

Wala hatusemi kwamba kila cha kwetu ni chema kwa kuwa ni cha kwetu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 juu ya sufuria za Kameruni, zilizomiminwa kwa mabaki ya vyuma vya kila namna, ulionyesha kwamba risasi hutoka katika sufuria na kuingia katika chakula. Kwa hiyo mtu akitumiminia sufuria tumwulize: umeyeyusha nini? Akiwa ameyeyusha betri na vipande vya injini, tusipike ndani yake chakula cha mtoto. Kupenda taifa si kufumba macho.

Tena liko la serikali. Ofisi ya kuangalia ubora wa bidhaa za nchi, ile iitwayo OCC, iliundwa mwaka 1974. Malori yanayopita Kasumbalesa kila siku twayaona wote. Tunapolipa kodi ndani ya bei ya kila kitu, twalipa pia macho ya kutazama mizigo ile. Kuwaambia wananchi wawe wajanja sokoni hakuiondolei serikali kazi yake, na chama kinachosema kwa jina la wananchi hakina budi kulidai jambo hili pale penye mamlaka.

Basi tumalize, maana wengine wenu mna zamu ya usiku. Twaomba kila nyumba ishike mambo haya manne.

Kwanza, siku ya malipo tusinunue cho chote ila chakula, ada na deni. Kitu kingine cho chote kilale siku saba katika mawazo. Kikiamka siku ya nane na bado tunakihitaji, tukitafute.

Pili, kabla ya kununua tuulize maswali matatu: Je, tunacho tayari? Je, chaweza kutengenezwa kikiharibika? Je, yuko fundi wa mtaa wetu ambaye angekifanya?

Tatu, kilichoharibika kisitupwe kabla fundi hajakitazama.

Nne, aliyeuziwa kibovu asinyamaze kwa aibu. Awaambie majirani aina ya kitu na alama yake, ili hasara ya mmoja iwe elimu ya mtaa mzima.

Ndugu, tarehe 30 Juni 1960 nchi hii ilipata uhuru wake. Nchi inayochimba shaba ya ulimwengu na kununua waya wa uongo bado ina kazi ya kufanya. Kazi hiyo yaweza kuanza kesho asubuhi katika soko la Kenya, mkononi mwa mama mmoja anayegeuza kitu, akikitazama pande zote, kisha akikirudisha mezani na kusema: hapana, asante.